Meza ya Kazi ya Seremala Yenye Droo na Hori la Zana: Mwongozo kwa Anayeanza

Wanaoanza useremala huuliza maswali yale yale. Meza iwe na kimo gani? Mbao gani itafaa bila kumaliza akiba yote? Jiliwa, kile kifaa cha kubania mbao mezani, lifungwe kushoto au kulia? Mbona droo nilizofunga chini ya meza zinazuia klempu? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, na sasa nayaweka pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye chumba kidogo au kibaraza, zana za mkono na drili moja, anayetaka meza nzito isiyotikisika, yenye mahali pa kila zana.

Nakuomba ulishike jambo moja kabla hujanunua hata ubao mmoja: vipimo vya meza vinatoka kwenye mwili wako na kwenye zana zako. Wengi hujenga meza kwanza, kisha ndipo wanaanza kutafuta pa kuweka randa, misumeno na patasi. Matokeo yake randa ndefu haiingii kwenye droo, na patasi zinalala juu ya meza zikigongana makali. Anza na zana. Meza itafuata.

Meza tutakayojenga

Ina urefu wa futi 6, upana wa karibu inchi 24 na kimo cha inchi 34. Sehemu ya mbele ya uso wake, inchi 14, ni mbao nene zilizogandishwa pamoja. Hapo ndipo kazi ya kuranda, kukata na kutoboa inafanyika. Nyuma yake kuna hori lenye upana wa inchi 8, bonde la kuwekea zana unazotumia wakati huo ili zisianguke wala zisikukwaze. Chini, katikati ya miguu, linakaa kasha lenye droo mbili upande mmoja na kabati yenye mlango upande wa pili. Mihimili mirefu inafungwa kwa bolti, kwa hiyo meza yote inafunguka. Wengi wetu tunapanga vyumba na karakana, na meza ya futi 6 iliyogandishwa yote kwa gundi haipiti mlangoni siku ya kuhama.

Mahitaji kabla ya kuanza

Mbao: 
- 2 kwa 4 (inchi) ya futi 12, vipande 10. Hesabu inahitaji 8, mbili ni za tahadhari. 
- Plaiwudi ya milimita 18, karatasi moja ya futi 4 kwa 8. 
- Plaiwudi nyembamba ya milimita 6, nusu karatasi au zaidi kidogo, kwa mgongo wa kasha na sakafu za droo. 
- 1 kwa 6, vipande 3 vya futi 12, kwa pande za droo na kishikilia patasi. 
- Mabaki ya mbao ngumu kwa midomo ya jiliwa na reli za droo.

Vifaa vya kufungia: 
- Bolti 8 za unene wa nusu inchi na urefu wa inchi 6½ au 7, kila moja na nati yake na washa 2. 
- Skrubu nene za kukazwa kwa spana, za inchi 4, vipande 6. 
- Skrubu za kawaida za inchi 1¼, 2 na 2½. 
- Gundi nyeupe ya mbao, kilo 1. 
- Jiliwa la chuma la seremala lenye mdomo wa inchi 7. 
- Bawaba 2, komeo na kufuli.

Zana: msumeno wa mkono, randa, patasi ya inchi 1, nyundo, drili na keekee zake (pamoja na keekee bapa ya inchi 1 na ya inchi ¾), skwea, tepu, penseli, spana, bisibisi, msasa, na klempu angalau 6. Kama huna klempu usikate tamaa, nimeeleza njia ya kabari kwenye hatua ya 4.

Kuhusu aina ya mbao: msindano (paini) unatosha. Sehemu kubwa ya msindano unaouzwa Tanzania unatoka nyanda za juu kusini, hasa shamba la Sao Hill kule Mufindi. Kenya utapata paini na saiprasi. Mninga na mkongo ni mbao nzuri sana, lakini ziache kwa samani za wateja. Meza ya kazi itakatwa, itatobolewa na kumwagikiwa gundi, na uso wa mbao laini una faida yake, kwa kuwa hauachi alama kwenye kazi ya mninga utakayoilaza juu yake. Mbao ngumu kidogo utakazohitaji ziombe au zinunue kama mabaki kwa mafundi samani. Kwa aliye Dar es Salaam, Keko hukosi.

Onyo la kwanza, na tafadhali lichukulie kwa uzito: usinunue mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani zinazouzwa kwa ajili ya kupaulia. Dawa inayotumika sana kwenye mbao hizo ina madini ya aseniki, ambayo ni sumu. Utaziranda kwa miaka na kulivuta vumbi lake. Maranda yake yasiwashwe kwenye jiko wala yasitandikwe kwenye banda la kuku. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka mbao ambazo hazijatiwa dawa.

Onyo la pili: mbao mbichi. Ubao uliotoka kuchanwa juzi ni mzito, una ubaridi ukiuweka shavuni, na utapinda ukishaufunga. Ukiununua hivyo, upange kivulini, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya inchi 1 ili hewa ipite, juu uweke mzigo. Chagua ubao mmoja, uandike alama, uupime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao zimekauka kwa hali ya hewa ya mahali ulipo. Kungoja kunachosha, najua, lakini hakuna gundi inayoshinda mbao mbichi.

Hatua kwa hatua

1. Panga zana zako sakafuni. Zitoe zote. Zigawe mafungu matatu: zinazoshikwa kila saa (patasi, skwea, penseli, nyundo, randa ndogo), zinazoshikwa kila siku (misumeno, randa kubwa, drili), na zinazoshikwa mara mojamoja (tupa, mawe ya kunolea, keekee za ziada). Fungu la kwanza litakaa kwenye hori na kishikilia patasi, la pili kwenye kabati na juu ya kasha, la tatu kwenye droo. Sasa pima zana ndefu kuliko zote katika kila fungu, urefu, upana na kimo, uandike. Droo zangu hapa zina urefu wa inchi 18 na vimo vya inchi 4¼ na 5½. Kama randa yako ndefu ni ya inchi 22, haitaingia kwenye droo. Itakaa kwenye kabati ikiwa imelazwa kwa kufuata urefu wa meza, au juu ya kasha. Yajue hayo sasa, wakati kubadili kipimo ni kufuta penseli tu.

2. Pima kimo chako. Vaa viatu unavyofanyia kazi, simama wima, mikono ining'inie. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kiganja. Hicho ndicho kimo cha meza. Kwa watu wengi kinaangukia kati ya inchi 32 na 36. Ukiranda zaidi kwa mkono, punguza inchi 1 ili uzito wa mwili ukusaidie. Ukifanya zaidi kazi ndogo za kutoboa na kuchonga, ongeza inchi 1. Vipimo vinavyofuata ni vya inchi 34. Chako kikitofautiana, badilisha urefu wa miguu na wa vijazo virefu (vipande vinavyojaza mguu kati ya mihimili mifupi) peke yake.

3. Randa, kisha kata. 2 kwa 4 ya dukani mara nyingi haifikii kipimo chake, na hata kwenye rundo moja zinatofautiana. Zipeleke mashineni zipigwe randa pande zote nne hadi ziwe sawa. Mimi nachukulia zitabaki inchi 1¾ kwa 3¾. Zako zikitoka tofauti, tumia kipimo chako halisi kwenye hesabu zote. Kisha kata hivi:

- Uso wa meza: vipande 8 vya futi 6 pungufu kidogo, kutoka mbao 4. 
- Ubao wa nyuma wa hori: 1 wa urefu huo huo. 
- Mihimili mirefu: 2 ya inchi 56. 
- Mihimili mifupi ya fremu: 4 ya inchi 23¾. 
- Miguu ya nje: 4 ya inchi 30¼. 
- Vijazo virefu vya miguu: 4 vya inchi 19¾. 
- Vijazo vifupi: 4 vya inchi 3.

Mbao zilizonyooka kabisa na zisizo na mafundo makubwa zitenge kwa uso wa meza. Usikate vijazo virefu moja kwa moja kwa kipimo. Viache vikiwa na ziada ya nusu inchi, utavikata kwa kuvijaribisha.

4. Gandisha uso wa meza. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo wanaoanza huharibu. Simamisha vipande 8 kwa ubavu, ubapa ukigusana na ubapa. Angalia mishipa ya mbao kwenye upande utakaokuwa juu, na geuza kila kipande hadi mishipa yote ielekee upande mmoja. Ukiipuuza hatua hii, kila utakaporanda randa itateleza vizuri kwenye ubao mmoja na kung'oa nyuzi kwenye ubao wa jirani. Ukiridhika, chora pembe tatu kubwa inayopita juu ya mbao zote, ili zikivurugika ujue kila moja ilikaa wapi.

Usigandishe zote 8 kwa mara moja. Gandisha 4, kisha 4 nyingine siku inayofuata. Kila nusu itakuwa na upana wa inchi 7, na utaweza kuipeleka mashineni ikasawazishwe kabla ya kuunganisha nusu mbili. Nusu mbili zikiungana unabaki na mstari mmoja tu wa kusawazisha kwa mkono badala ya saba.

Paka gundi kwenye ubapa mmoja, itandaze kwa kipande cha plastiki hadi ufunike kote. Kaza klempu kuanzia katikati ukienda nje, moja juu, moja chini, ili uso usijikunje. Gundi ikitoka kama shanga ndogo kwenye mstari wote, umepaka kiasi sahihi. Isipotoka mahali fulani, hapo pana njaa ya gundi. Fungua upesi uongeze.

Huna klempu? Kata vipande 6 vya mabaki ya 2 kwa 4 vyenye urefu wa inchi 24. Kwenye kila kimoja funga vizuizi viwili vya mbao kwa skrubu, nafasi kati yake ikiwa imezidi upana wa kazi kwa inchi 1. Weka vipande hivyo chini ya mbao zako, vimeachana futi moja, kisha gongea kabari mbili zinazopishana kati ya kizuizi na ubao. Kabari zilizopishana zinakaza kwa nguvu nyingi kuliko unavyotarajia. Tandika karatasi za nailoni chini ili uso usigandane na vizuizi, na acha hadi kesho yake.

5. Jenga fremu mbili za miguu. Kila fremu ina miguu miwili na mihimili miwili mifupi, na haihitaji kuchonga tundu wala ulimi. Laza miguu miwili ya nje sambamba juu ya sakafu iliyonyooka, kingo zake za nje zikiwa zimeachana inchi 23¾. Juu yake laza muhimili mfupi mmoja, usawa na ncha ya juu ya miguu. Wa pili uweke chini, ukingo wake wa chini ukiwa inchi 3 kutoka ncha ya chini. Pima pembe kwa pembe: vipimo viwili vikilingana, fremu iko mraba. Visipolingana, sukuma ile pembe yenye kipimo kirefu.

Paka gundi, funga kwa skrubu 4 za inchi 2½ kila kiungo, kisha pima tena pembe kwa pembe kabla gundi haijashika. Sasa jaribisha vijazo virefu kati ya mihimili, uvikate vikae kwa kubana, uvipake gundi na kuvifunga. Vijazo vifupi vinaingia chini. Kila mguu umekuwa na unene wa inchi 3½, na muhimili umefungiwa kati ya vijazo kama ulimi ndani ya tundu.

6. Funga mihimili mirefu. Simamisha fremu mbili, upande wenye mihimili ukitazama ndani. Muhimili mrefu wa mbele unakaa nyuma ya miguu ya mbele, ukilala juu ya mihimili mifupi ya chini. Wa nyuma unakaa mbele ya miguu ya nyuma kwa namna hiyo hiyo. Ncha zake zilingane na uso wa nje wa fremu. Bana kwa klempu, hakikisha kwa skwea kwamba mguu na muhimili vinafanya pembe mraba, kisha toboa matundu mawili kwa kila kiungo, moja likiwa juu kidogo na jingine chini, yasikae kwenye mshipa mmoja. Toboa ukielekea moja kwa moja. Mwombe mtu asimame pembeni akuangalilie drili. Vichwa vya bolti vizame ndani ya mguu kwa mbele, kwa sababu utakuwa unabana kazi ndefu hapo. Chonga kwanza shimo pana la kina cha nusu inchi, ndipo utoboe la bolti.

Hapa usitie gundi. Bolti peke yake zinatosha, na ndizo zitakazokuwezesha kuhama.

7. Pandisha uso wa meza. Uweke juu ya fremu, ukingo wake wa mbele ukiwa sawa kabisa na uso wa mbele wa miguu. Kila upande utachomoza inchi 8 nje ya miguu. Ubao wa nyuma wa hori uusimamishe kwa ubavu nyuma kabisa.

Uso unafungwa kutoka chini, kupitia muhimili mfupi wa juu. Toboa shimo la inchi 1 kuingia kina cha inchi 2, kisha tundu jembamba lipite hadi juu, kisha skrubu nene ya inchi 4. Kila fremu inapata skrubu tatu: mbili kwa uso na moja kwa ubao wa nyuma. Mbao hupanuka msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, kwa upana, siyo kwa urefu. Kwa hiyo tundu la mbele liwe la kubana, na la nyuma ulirefushe liwe kama yai, robo inchi mbele na nyuma, ili uso upate pa kupumulia. Ukikaza zote mbili bila nafasi, uso utapasuka kwenye mstari wa gundi.

8. Tengeneza hori. Gandisha na kufunga fito za inchi 1 kwa 1 kwenye ukingo wa nyuma wa uso na kwenye ubavu wa ndani wa ubao wa nyuma, chini kabisa. Juu yake weka vipande 3 vya plaiwudi vya inchi 24 kwa 8, ukivipunguza upana kidogo viingie bila kubana. Usivipigilie. Vikiwa huru unaweza kukinyanyua kimoja ukapitisha klempu katikati ya meza, na wakati wa kufagia unaondoa kipande cha mwisho, maranda yanaanguka kwenye debe. Hori litabaki na kina cha inchi 2, kinachotosha kuficha patasi na skwea chini ya usawa wa meza, hivyo ubao mpana unapita juu bila kuzigusa.

9. Kishikilia patasi. Nyuma ya ubao wa hori funga kipande cha 1 kwa 6, ukikitenganisha nao kwa vijiti vya nusu inchi, kila kijiti mahali patasi mbili zinapopakana. Nimesema 1 kwa 6 kwa makusudi: kipande chembamba kinaacha ncha za patasi zikining'inia nje kwa kimo cha uso wa mtoto. Zifunike kabisa.

10. Kasha. Kutoka plaiwudi ya milimita 18 kata vipande 2 vya inchi 48 kwa 20 (juu na chini), na vipande 3 vya inchi 20 kwa 11 (pande mbili na mgao wa kati). Funga kwa gundi na skrubu za inchi 2, ukitoboa kwanza ili plaiwudi isichanike tabaka. Plaiwudi ya milimita 6 inaingia mgongoni, na ndiyo inayolishika kasha lisiyumbe, usiiache. Kasha zima lina kimo cha inchi 12½. Lilaze juu ya mihimili mirefu, inchi 2 ndani ya uso wa mbele wa miguu, ulifunge kwa skrubu chache kutoka ndani.

Kati ya kasha na uso wa meza patabaki nafasi ya inchi 7 hivi. Usiijaze. Huu ndio ushauri ninaoulizwa na kubishiwa kuliko mwingine wote. Nafasi hiyo ndiyo inayoingiza klempu unapobana kazi kwenye ukingo wa meza, ndiyo inayopokea vigingi vinavyopita chini, na ndiyo inayokuruhusu mkono kufika kwenye skrubu za uso. Droo zilizogusa uso wa meza zinakupa hifadhi kidogo zaidi na kukunyang'anya nusu ya kazi ya meza. Isitoshe, juu ya kasha panakuwa rafu nzuri ya misumeno na randa ndefu.

11. Droo na mlango. Upande wa droo, funga reli ya mbao ngumu kwenye kila ubavu wa kasha, ukingo wake wa chini ukiwa inchi 5¾ kutoka sakafu ya kasha, unene inchi ¾. Droo ya chini, kimo inchi 5½, inateleza kwenye sakafu ya kasha. Ya juu, kimo inchi 4¼, inateleza juu ya reli. Upana wa droo uwe pungufu ya nafasi kwa robo inchi, na pande zake zikatwe kutoka 1 kwa 6 iliyorandwa. Sakafu ya droo ikae juu ya fito zilizogandishwa kwa ndani. Wengi huipigilia kwa chini na misumari, na siku inapojazwa tupa na keekee inang'oka. Sugua reli na kingo za chini kwa mshumaa.

Ndani ya droo weka migao kwa kufuata zana ulizopima hatua ya 1. Upande wa kabati, funga mlango kwa bawaba, komeo na kufuli. Toboa matundu machache ya hewa mgongoni. Kasha lililozibwa kabisa linahifadhi unyevu.

12. Jiliwa na vigingi. Anayetumia mkono wa kulia afunge jiliwa mbele kushoto, kwenye ile sehemu inayochomoza nje ya mguu. Wa mkono wa kushoto afanye kinyume. Mdomo wa ndani wa chuma uzamishe kwenye ukingo wa meza, kisha ufunike midomo yote miwili kwa mbao ngumu. Mdomo wa ndani uwe usawa na ukingo wa meza, ili ubao mrefu ulioshikwa na jiliwa uegemee pia mguu wa kulia. Ncha za juu za midomo ziwe chini ya uso wa meza kidogo, vinginevyo randa itakutana na chuma.

Toboa mstari wa matundu ya inchi ¾ sambamba na ukingo wa mbele, inchi 3 kutoka ukingoni, kila baada ya inchi 4. Chonga vigingi vya mbao ngumu vya kuingia humo. Kigingi kimoja kilichochomoza robo inchi kinatosha kuzuia ubao unapouranda.

13. Sawazisha na upake mafuta. Randa uso kwa mshazari kwanza, kisha kwa kufuata mishipa. Kagua kwa ubao ulionyooka kwa urefu, kwa upana na pembe kwa pembe. Msasa usitumie sana, kwani chembe zake hubaki kwenye mbao na kuua makali ya randa. Paka mafuta ya kitani mara mbili. Vanishi sikushauri juu ya uso, inateleza na kazi haitulii. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike. Vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke kabisa.

Likitokea tatizo

*Meza inatikisika.* Angalia sakafu kwanza: tia kabari chini ya mguu unaoelea. Ikiwa bado, kaza bolti. Mbao zikisinyaa kiangazi, nati hulegea. Kaza tena baada ya mwezi wa kwanza, kisha kila msimu unapobadilika.

*Meza inasogea ninaporanda.* Ni nyepesi. Jaza zana nzito ndani ya kasha, na pigilia vipande vya raba ya tairi chini ya miguu. Raba hiyo pia inazuia unyevu wa saruji kupanda kwenye mbao.

*Droo zinakwama wakati wa masika.* Usizirande siku hiyo hiyo. Sugua mshumaa, subiri. Zikikwama kila msimu wa mvua, punguza ubavu kwa randa kidogo kidogo. Ukipunguza sana, kiangazi zitacheza.

*Mstari wa gundi umefunguka.* Ukiwa mwishoni tu mwa ubao, mara nyingi mbao hazikukauka. Ngoja hadi zimalize kusinyaa, tia gundi kwa kisu chembamba, bana tena. Kama mstari mzima umefunguka, chana mahali hapo kwa msumeno, randa nyuso zote mbili, gandisha upya. Gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani.

*Jiliwa linanyanyua ubao ninapolikaza.* Midomo haiko sambamba. Ongeza karatasi nyembamba nyuma ya sehemu ya chini ya mdomo wa mbao wa nje hadi iguse pamoja na juu. Iwapo sehemu ya juu ndiyo iliyo wazi, fanya hivyo juu.

*Zana zinashika kutu ndani ya kasha.* Kwa waishio pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ina chumvi na matundu ya hewa peke yake hayatoshi. Futa jasho la mkono kwenye chuma kila jioni, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta ya mashine kabla ya kufunga mlango. Usihifadhi patasi juu ya maranda, kwani maranda hunywa unyevu na kuugandisha kwenye makali.

*Kuna njia za udongo kwenye mguu.* Ni mchwa. Zikwangue, fuata zinakotoka ukutani au sakafuni, tibu chanzo kwa dawa ya mchwa. Kisha sogeza meza inchi 2 kutoka ukutani, uweze kuona nyuma yake kila unapofagia.